Imeili "imetumwa", mteja anasema hajaiona

Juzi niko Mwanga, Kigoma, nasubiri chapati, simu inaita, ni yule mzee niliyemtengenezea mfumo wa mizigo pale bandarini. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Kijana, mteja wa Bujumbura anasema hajapata taarifa yoyote, mzigo umelala siku 3, nani analipa?" Nikamwambia mzee mfumo unaonyesha imeili imetumwa. Akaniuliza imetumwa wapi sasa? Hapo nikakosa jibu.

Nilikuwa natumia mail(), amri ya kutuma barua kwenye lugha ya PHP, ikirudisha true (yaani "ndiyo") naandika IMETUMWA kwenye databesi basi mi huyo nimelala zangu. Kumbe ile true inasema tu programu ya barua kwenye seva imeupokea ujumbe, mambo ya kufika haihusiki. Ni kama kumpa konda boksi la dagaa stendi, kupokea kapokea, sa kama limefika Dar au limeshushwa Nguruka utajulia wapi?

Nikazama kwenye seva usiku mzima na bando linakata kata, nikakuta barua za kurudi, zile za kusema ujumbe umeshindwa kufika, zimejazana kwenye sanduku la mtumiaji wa seva ambalo sijawahi kulifungua toka nizaliwe 😂 Ya Bujumbura imo. Karani kaandika gmail.con badala ya gmail.com, na FILTER_VALIDATE_EMAIL, ukaguzi wa anwani wa PHP, ikaipitisha maana yenyewe inaangalia umbo tu, haijali kama hiyo domeni ipo.

Sasa nimehamia PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua, kwa SMTP, ile njia seva za barua zinavyoongea na kujibizana kwa namba. Kabla ya kutuma naingiza mstari kwenye jedwali, namba ya mzigo, anwani, Message-ID (kitambulisho cha kila ujumbe), idadi ya majaribio, na jibu la seva kama lilivyo bila kulipamba. Ikija 250, yaani seva imekubali, naandika IMEPOKELEWA NA SEVA, neno IMEFIKA nimelifuta kabisa. Zinazoanza na 4 ni hitilafu ya muda, kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) inajaribu tena baadae, 550 ni kukataliwa moja kwa moja, naacha, anapigiwa mteja simu. Barua za kurudi nimezipa anwani yao maalumu kwenye Sender, sehemu ya PHPMailer ya kusema zirudi wapi, skripti inazisoma kila dakika 10 inalinganisha Message-ID na jedwali.

Mzee akataka ajue na nani kafungua. Nikamkatalia, kale kapicha ka pikseli 1 kanakofichwa kwenye ujumbe, kakipakuliwa inahesabika umefunguliwa, kanadanganya, tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha yenyewe hata mtu hajagusa ujumbe.

Zile gharama za siku 3 bado tunavutana, mi nasema ni karani, yeye anasema ni mfumo.