Kubadilisha mfereji wa jikoni bila ya kuvunja ukuta

Mifereji mingi ya ukutani ni ya nusu inchi. Chagua wa shaba, mzito mkononi. Ule mwepesi hauwezi maji yetu ya Unguja, yanayotoka kwenye mawe ya chokaa na karibu na pwani huwa na chumvi. Nunua na roli moja ya tredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzuia kiungo kisivuje.

Funga vali ya tangi, na ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) pia kama zinakutana kwenye paipu moja. Fungua mfereji mpaka maji yakauke.

Kuutoa wa zamani ndiko kwenye hatari. Ukiuzungusha kwa nguvu, elbo (kona ya paipu) ya plastiki ndani ya ukuta huzunguka nao na kupasuka, na hapo plasta lazima ivunjwe. Kwa hiyo usiharakishe: funga kitambaa kilicholowa siki penye kiungo usiku kucha, chokaa ilainike. Asubuhi tia spana, zungusha kinyume cha saa kidogo, rudisha, endelea hivyo hivyo.

Safisha tredi (mikato ya kama skrubu) za ukutani kwa mswaki, kisha fungua vali sekunde chache mchanga utoke.

Zungusha tepu kwenye mfereji mpya kufuata mwendo wa saa, mara 10 hadi 12, ukiivuta. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana. Mdomo ukipita pale unapoelekea chini, usiurudishe nyuma, utavuja. Utoe, badilisha tepu yote, anza upya.

Fungua vali polepole, na uweke karatasi kavu chini ya kiungo kwa saa moja.