Sauti inachelewa, inakwaruza, inanguruma: soma hii kabla hujadaunlodi plagini nyingine

Swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile, bro nitumie plagini gani sauti yangu iwe kama ya studio. Jibu langu linaudhi watu: zima plagini zote (vile vijiprogramu vya kubadilisha sauti) kwanza tusikie ulichorekodi. Mara nyingi tatizo limeingia kabla hujabonyeza rekodi, na hapo hakuna plagini ya kukusaidia, hata ile ya wizi uliyoitoa mtandaoni ikaja na virusi vyake na bando nalo likaisha.

Tuanze na kuchelewa maana ndo kunasumbua wengi. Unaimba, halafu unajisikia kwenye hedifoni baadaye kidogo, mpaka unapotea kwenye wimbo wako mwenyewe. Hiyo ni bafa. Kompyuta inakusanya sampo (vipande vidogo sana vya sauti) kwanza ndo inazishughulikia, sasa bafa ikiwa sampo 1024 kwenye sampo 44100 kwa sekunde unachelewa kama milisekunde 23 kuingia tu, bado kutoka, lakini ukishusha hadi 128 inabaki kama 3. Kwa hiyo ukirekodi weka 128 au 256, ikianza kukwaruza na kukatika ujue laptopu imezidiwa, ipandishe kidogo, halafu ukifika kwenye kumiksi rudisha 1024 maana hapo hauimbi tena. Wa Windows ambao hamna intafesi (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta) tafuteni ASIO4ALL, ni draiva ya sauti ya bure ya kupunguza kuchelewa. Na hedifoni za bluetooth wekeni kando jamani, zile zinachelewa zenyewe na hakuna setingi ya kuziokoa, za waya hata zile za kando ya barabara ni afadhali.

Kuna na wale wa Audacity, ile programu ya bure ya kurekodi, wanasema biti (muziki wa nyuma) peke yake iko sawa, sauti peke yake iko sawa, ila ukicheza pamoja hazikutani. Hiyo inarekebishika. Tengeneza traki ya mlio wa tik tik (programu yenyewe inayo), chukua hedifoni bana upande mmoja juu ya maiki kabisa, cheza huku unarekodi kwenye traki ya pili. Sasa vuta karibu uangalie: tik ya juu iko hapa, ya chini iko pale, pima umbali wa katikati kwa milisekunde. Ingia kwenye setingi za sauti (Audio Settings) kuna sehemu ya kufidia kuchelewa (Latency compensation), yenyewe inakuja na milisekunde -130, ongeza au punguza kulingana na ulichopima, jaribu tena mpaka tik zikae juu ya nyingine. Ni kazi ya dakika chache tu, lakini watu wako tayari kusogeza sauti kwa mkono kila wimbo!

Mngurumo ule wa mmmmm: chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukipotea basi unatoka kwenye stima, rekodi kwa betri. Kama ulisharekodi na msanii ameshaondoka, kata kwa EQ (kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti) nyembamba pale Hz 50, halafu 100 na 150. Nasema 50 kwa sababu video nyingi za YouTube ni za Marekani na zitakwambia 60, kule stima yao ni 60, yetu Uganda ni 50, utakata mahali ambapo hakuna kitu na mngurumo utaendelea kukucheka.

Chumba sasa. Hapa Arua nyumba nyingi ni bati, mvua ikianza funga kazi, usibishane nayo. Godoro nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito ukutani, maiki isitazame dirisha lenye boda. Kwenye adungu, kile kinubi chetu, usiweke maiki mbele ya nyuzi moja kwa moja utapata vidole tu, isogeze kidogo kuelekea kwenye ngozi ndo ule mwili wa sauti unatokea, halafu usirekodi kwa nguvu, kilele kikifika kati ya desibeli -12 na -6 inatosha, ukirekodi kwa 24-bit haupotezi kitu. Ikigonga 0 imeharibika banange, rudieni.

Kumiksi kwenyewe kosa kubwa ni hili, unachukua biti ya MP3 ambayo prodyuza alishaipandisha mpaka mwisho, ni taksi iliyojaa mpaka mlangoni, unataka sauti yako ikae wapi? Shusha biti kwanza, hata desibeli 6 au 8, kabla hujagusa sauti. Baada ya hapo kwenye sauti yako kata kila kilicho chini ya Hz 80 au 100, ikiwa nzito kama mtu anaongea ndani ya pipa punguza kidogo kati ya Hz 200 na 400, kompresa (ya kushusha sehemu zinazopaza sana) 3 kwa 1 iwe inashika desibeli 3 hadi 6 basi. Rivabu, ule mwangwi, mi naona wengi mnazidisha. Ukiisikia wazi wazi imeshazidi.

Halafu sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa kitu kimoja. Wimbo wako utachezwa kwenye simu, kwenye redio ya boda, kwenye spika moja ya baa, na yale mambo ya kupanua sauti kushoto kulia yanaweza kupotea kabisa hapo, nyimbo zingine kiitikio kizima kinazama. Kwenye masta (wimbo uliokamilika) acha desibeli -1 juu, usijiue kutafuta kelele, Spotify inarudisha nyimbo karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hata ukipiga makelele vipi.

Ukimtumia prodyuza sauti zako toa WAV, kila traki ianzie sekunde 0 hata kama unaingia dakika ya pili, maana MP3 inaongeza ukimya kidogo mwanzoni na vitu vinahama. Na kwenye WhatsApp itume kama dokyumenti.