Umeshuka, umeshukia wapi?

Leo asubuhi nimenunua mahamri pale kona ya kwetu Majengo, Mombasa, manne na mbaazi, redio ya kiduka cha jirani yapiga kelele za uchumi, bi mkubwa anayeyauza akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, kila siku hawa wa redio wasema mfumuko wa bei umeshuka. Umeshukia wapi?"

Nikaliangalia lile hamri. Kabla ya korona lilikuwa shilingi tano na lajaa kiganja, sasa ni kumi na lote laingia kwenye ngumi. Wala si ujanja wake, unga wa ngano ulipanda, uto ukapanda, nazi nayo ikafuata, akiongeza bei tena watoto wa shule watampita, kwa hivyo akata donge dogo.

Nikamwambia mama, Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7, lakini hiyo ni spidi ya bei kupanda tu imepungua, gari bado lapanda mlima. "Kwa hivyo hamri halirudi tano?" Halirudi mama. Akacheka, akanifungia kwenye gazeti.

Sasa mie kinachonikera ni vile Benki Kuu yetu ilivyopigana na hii kitu. Wakati wa korona riba yao, ile mabenki huifuata yakitukopesha, walikuwa wameishusha mpaka asilimia 7 ili watu wakope biashara zisife, sawa. Halafu meli zikachelewa, makontena yakawa ghali, Februari 2022 Urusi ikaingia Ukraine na ngano na mafuta yakaruka, Marekani nao wakaanza kupandisha riba zao na dola zikawakimbilia wao, basi na sisi tukapandisha, polepole mpaka Februari 2024 tukafika asilimia 13. Jamani, riba ya Nairobi yaleta ngano kutoka Odesa, bandari ya Ukraine? Haileti. Lakini nisiwe mkaidi, kuna pahali ilisaidia: mapema 2024 dola ilikuwa imefika shilingi 160 hivi, riba ya juu ikavuta dola zirudi, serikali nayo ikauza Eurobond mpya (mkopo wa dola kutoka nje) Februari kulipia ile ya zamani iliyokuwa yaiva Juni, watu wakatulia, shilingi ikarudi kwenye 129 hivi. Hapa bandarini hilo twalijua vizuri, karibu kila kinachoshuka melini chalipwa kwa dola, petroli ikiwa ya kwanza.

Mzigo walibeba wenye mikopo. Mie nilikuwa na mkopo wa tuktuk kwenye benki moja hapa mjini, riba ilipopanda meseji ilifika siku ya pili, asubuhi, na jina langu limeandikwa sawasawa. Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha, Juni 2025 ikafika 9.75, meseji ya kushusha ndo nangoja mpaka leo hahaha. Nilienda kuuliza, yule kijana wa kaunta akaniambia "itareviwiwa", yaani itaangaliwa upya.

Mbele naona hivi: wakiweza watazidi kushusha riba, kwa sababu biashara zimenyauka na watu hawana pesa ya kununua, hata mfumuko mdogo saa nyingine ni dalili mifuko imekauka. Kitakachowazuia ni mafuta, au dola, au mvua ikikataa sukuma wiki na nyanya zipande soko la Kongowea.

Kesho nitamuuliza bi mkubwa kama uto umeshuka japo shilingi, maana mie najua jibu ila nataka kumsikia anavyotukana.