Barua ndani ya kasha la baba

Leo baada ya swala ya Ijumaa nimefungua kasha la baba. Tangu atutoke, mama amekuwa akilifuta vumbi juu na kuzisugua zile njumu za shaba, basi. Ndani nimekuta kitabu chake cha ubaharia, kofia mbili za vito na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ni rasimu ya barua ya 2007. Mstari wa kwanza: "Kwa ndugu Mansour Osanloo, gereza la Evin, Tehran."

Osanloo alikuwa dereva wa basi, kiongozi wa chama cha madereva wa kampuni ya mabasi ya Tehran. Mwaka 2005 walivamiwa mkutanoni na yeye akachanwa ulimi kwa kisu. Desemba hiyo akakamatwa. Wenzake walipopanga kugoma Januari 2006, wakakamatwa kwa mamia. Baba, baharia wa Lamu, aliyajua haya kwa sababu chama chake kilikuwa chini ya ITF, shirikisho la wafanyakazi wa uchukuzi lililoanzishwa London 1896, na shirikisho hilo liliwaomba wanachama dunia nzima waandike.

Wakati ule sikumwelewa. Nilimuuliza tukiwa barazani: "Baba, Tehran na Lamu wapi na wapi?" Akanijibu kwa habari ya babu.

Babu alikuwa kuli Kilindini. Januari 1947 Mombasa iligoma siku 12, watu kama 15,000, makuli, wa reli, madobi, mpaka wapishi wa majumbani. Kila siku walikutana Majengo, mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Mishahara ikaongezwa. Kisha Agosti serikali ya kikoloni ikamkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, ikamtupa Kabarnet, Baringo, miaka 10. "Nyongeza tuliila sote," babu alikuwa akisema, "na hakuna aliyemwandikia hata salamu." Baba alisema mzee aliirudia habari hiyo hadi mwisho wa umri wake, na kila mara alikuwa akiinamisha uso.

Nami naijua aibu hiyo kwa kiasi changu. Ni muuguzi. Februari 2017, madaktari wakiwa wamegoma tangu Desemba, viongozi 7 wa chama chao walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri ya mahakama. Jumatatu waliingia ndani, Jumatano Mahakama ya Rufaa ikawatoa. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Siku zile mbili nilikuwa zamu, na nilichofanya ni kusikiliza redio na kusikitika. Sikutuma hata ujumbe wa simu. Nilijiambia hao ni madaktari, wana wakubwa wao wa kuwasemea.

Natazama mwandiko wa baba. Kalamu ya buluu, herufi zimelala kushoto. Mahali pamoja ameandika "tunakuombea", akakata, akaandika "tunakudai kwa waliokufunga". Nimekaa sana na mstari huo. Kuombea angeweza kufanya msikitini bila stempu. Kudai kunataka mtu ajue kwamba kuna macho yanamtazama. Serikali inayofunga dereva hutaka asahaulike, na bahasha zikija na stempu za nchi ishirini, bwana jela mwenyewe anaona kwamba huyu hajasahauliwa.

Chini zaidi baba ameieleza Ngome yetu hapa Mkunguni, kwamba ilikuwa jela hadi 1984, na kwamba akiwa kijana alikuwa akipita chini ya kuta zile na mzigo wa samaki, wafungwa wakimwita kutoka ndani kumuuliza upepo ni wa wapi leo. "Nilikuwa nikiwajibu kila siku," ameandika. "Kusi, au kaskazi. Kwa hiyo ndugu yangu, Lamu leo ni kusi."

Osanloo aliachiwa 2011. Kama barua hii ilimfikia, mama hajui. Anakumbuka tu kwamba baba aliipeleka posta mwenyewe, asubuhi, amevaa kanzu.

Karatasi nimeirudisha. Wiki ijayo tawi letu la wauguzi lina mkutano, nami nitaomba tuwe na mtu wa kuandika barua za namna hii. Kama hakuna anayetaka, nitazishika mimi.