Kabla ya diski kuguswa

Msimbo wa moduli yangu, yaani kipande cha programu kinachoongezwa ndani ya kisakinishi kiitwacho Calamares, ulikwisha zamani. Kilichonikalisha mezani wikendi nzima ni faili ya settings.conf, ambayo kazi yake ni kuiambia Calamares ianze na nini, ifuatie nini na imalizie wapi. Nimehamisha mistari juu, nikairudisha chini, nikaihamisha tena. Nadhani sasa imekaa mahali pake, kwa hiyo naandika kabla sijasahau kwa nini.

Calamares ni kisakinishi cha Linux. Kilianza mwaka 2014 kwa wazo la busara: badala ya kila distro (mfumo kamili uliojengwa juu ya Linux) kujiandikia kisakinishi chake kuanzia sifuri, kuwe na kiunzi kimoja, halafu kila distro ijichagulie moduli inazozitaka na kuongeza zake. Manjaro wanakitumia, Lubuntu wanakitumia, na Debian wamekiweka kwenye flashi zao za kujaribia mfumo tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Mimi nakitumia kwenye flashi ninayoitengeneza kwa ajili ya vyumba vya kompyuta vya shule zisizo na intaneti. Ndani yake kuna Linux ya kawaida, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vingine kwa muundo wa ZIM, ule unaosomwa na Kiwix bila mtandao. Nilichokosa ni kitu kimoja: mfumo ukishasakinishwa, vitabu viwe tayari viko kwenye diski. Mwalimu asianze kunakili faili kwa mkono kwenye kompyuta moja baada ya nyingine.

Ndiyo moduli yenyewe hiyo. Nimeiita maktaba.

Ukiifungua settings.conf utakuta orodha imegawanyika sehemu mbili, show na exec. Kwenye show kuna kurasa anazoziona mtu: karibu, mahali na saa, kibodi, mgawanyo wa diski, jina na nenosiri, kisha muhtasari. Kwenye exec kuna kazi zinazofanyika mtu akishabofya kitufe cha kusakinisha: diski inagawanywa, inapachikwa (inaunganishwa kwenye saraka ili faili zifikike), mfumo unamiminwa ndani yake, fstab, yaani orodha ya diski za kupachikwa mfumo ukiwaka, inaandikwa, watumiaji wanaundwa, GRUB, programu inayouwasha mfumo, inawekwa, na mwishoni kila kilichopachikwa kinapachuliwa. Moduli ya partition inatokea sehemu zote mbili. Kwenye show inachora mpango tu. Kwenye exec inautekeleza mpango ule ule.

Mgawanyo huu naupenda kuliko kitu kingine chochote ndani ya Calamares. Hadi ukurasa wa muhtasari unapofungwa, diski haijaguswa hata biti moja. Unaweza kurudi nyuma, kubadili jina, kuchagua diski nyingine, au kuzima kompyuta ukaenda zako. Ukishabofya, huulizwi tena. Kisakinishi cha kawaida cha Debian, ambacho nacho kimejengwa kwa vipande vidogo vidogo viitwavyo udeb, kinaendelea kuuliza maswali hata diski ikishagawanywa: vifurushi vitoke seva gani, unataka mazingira gani ya mezani. Kwa fundi aliyekaa mbele ya skrini haina shida. Lakini mwalimu mwenye mashine nyingi na kipindi kimoja mkononi ataanzisha usakinishaji, aende kufundisha, arudi akute kumbe mashine zote zinamsubiri yeye ajibu.

Kwa hiyo kanuni niliyojiwekea ni hii: maktaba haiulizi chochote ndani ya exec. Kama kuna swali, liulizwe mapema.

Na swali lipo. Shule ya msingi haihitaji vitabu vyote vya sekondari, na diski za kompyuta za mtumba mara nyingi ni ndogo. Kutengeneza ukurasa wako mwenyewe ndani ya Calamares maana yake ni lugha ya C++ na zana za Qt, na mimi kwa C++ ni mtu wa kupitapita tu. Bahati nzuri kuna moduli iliyokuja nayo iitwayo packagechooser. Jina lake linakufanya udhani ni ya vifurushi tu, ila kazi yake hasa ni kumwonyesha mtu machaguo yenye picha na maelezo, kisha kuhifadhi alichochagua. Unaunda nakala yake ya pekee kwenye sehemu ya instances, unaipa faili yake ya mipangilio, unaandika machaguo yako: msingi, sekondari, bila maktaba. Sikuandika hata mstari mmoja wa C++. Jibu la mtu linaingia kwenye GlobalStorage, ghala la pamoja ambalo moduli zote husoma na kuandika humo.

Ghala hilo nina neno nalo. Kila kitu ndani yake kinatafutwa kwa jina lililoandikwa kama maandishi tu. Ukikosea herufi, hakuna anayekupigia kelele. Unapewa hakuna, basi. Moduli mbili zisizojuana zinaweza kuandikiana juu. Nimezoea sasa, lakini kila nikisoma kitu kutoka humo nakikagua kabla ya kukiamini. Ukiendesha calamares -d unapata dirisha la ukaguzi linaloonyesha yaliyomo ghalani muda wowote, na hilo dirisha limenisaidia kuliko nyaraka zote.

Sasa msimbo. Moduli ya Python ni folda yenye faili mbili. Ya kwanza, module.desc, ni utambulisho:

    type: "job"
    name: "maktaba"
    interface: "python"
    script: "main.py"
    weight: 30

Ya pili, main.py, inatakiwa kuwa na kazi moja iitwayo run. Ikirudisha None, mambo ni shwari. Ikirudisha jozi ya maandishi, kichwa na maelezo, Calamares inajua kuna tatizo na inasimamisha usakinishaji. Mwanzo wa ya kwangu uko hivi:

    def run():
        mzizi = libcalamares.globalstorage.value("rootMountPoint")
        if not mzizi:
            return ("Diski haijapachikwa",
                    "Moduli ya maktaba imewekwa kabla ya mount.")

Hiyo rootMountPoint ndiyo roho ya kazi yote. Wakati exec inaendelea kuna mifumo miwili hai kwa pamoja: huu uliowaka kutoka kwenye flashi, na ule unaozaliwa kwenye diski. Ule wa diski umepachikwa kwenye saraka ya muda, kitu kama /tmp/calamares-root- na herufi za ovyo ovyo mbele yake. Ukiandika faili kwenye /srv/maktaba bila kutanguliza njia hiyo, faili zinaenda kwenye mfumo wa flashi, yaani kwenye RAM. Zitaonekana, utaziorodhesha, utafurahi, na kompyuta ikizimwa zimekwenda. Tena vitabu vikiwa vikubwa, RAM inajaa katikati ya usakinishaji. Halafu kuna target_env_call, inayoendesha amri ndani ya mfumo mpya kwa chroot, yaani amri inauona mfumo mpya kana kwamba ndio pekee uliopo. Huko njia hazitanguliziwi kitu, maana mzizi umeshakuwa mzizi. Kwa hiyo faili moja ina anwani mbili, kutegemea anayeuliza amesimama upande gani. Kwenye msimbo wangu kila kigeu cha njia kinaishia na _nje au _ndani. Sura yake si nzuri, lakini saa sita usiku jicho halitelezi.

Vitabu vyenyewe viko kwenye patisheni ya pili ya flashi, yenye lebo MAKTABA. Nimeiumba kwa mfumo wa faili wa ext4 kwa sababu FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, na ZIM kubwa zinapita hapo bila kutoa jasho. Moduli inaitafuta kupitia /dev/disk/by-label, inaipachika kwa kusoma tu, kisha inaanza kunakili. Calamares inafanya kazi kwa mamlaka ya root, hivyo ruhusa si tatizo. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kupachika kwa kusoma tu: msimbo wenye mamlaka yote usipewe nafasi ya kuandika mahali ambapo hauna shughuli.

Kunakili kulikuwa na kisa chake. Nilikaa na mwalimu wa TEHAMA wa shule moja, tukawasha mashine ya zamani, tukaanza. Upau wa maendeleo ukaenda vizuri, ukapita haraka kuliko flashi yoyote ninayoijua inavyoweza kusoma na kuandika, halafu ukafika karibu na mwisho ukatulia. Ukatulia sana.

"Fundi, hii si imeganda?"

"Haijaganda, mwalimu. Inaandika."

"Inaandika wapi? Mbona haisogei? Niizime?"

Kumbe kiini cha Linux kinapokea data kwanza kwenye RAM na kuahidi kuiandika kwenye diski baadaye. Python inaambiwa tayari, upau unasogea, lakini diski ya kuzunguka bado iko nyuma na mzigo. Deni lote linakuja kulipwa kwenye umount, hatua ambayo haina asilimia ya kuonyesha. Mwalimu hakuwa na kosa kutaka kuizima. Kila kilichokuwa mbele ya macho yake kilisema imekufa. Sasa nanakili kwa vipande, na kila baada ya kiasi fulani naita os.fsync, inayolazimisha data ifike kwenye diski, ndipo setprogress, inayosogeza upau. Upau unakwenda polepole zaidi, lakini unasema kweli. Nimeongeza pia pretty_status_message inayotaja kitabu kinachonakiliwa wakati huo. Mwalimu akiona jina la kitabu linabadilika, hagusi kitufe. Ule weight wa 30 nao ndiyo kazi yake hapo: unaipa maktaba sehemu kubwa zaidi ya upau, inayolingana na muda wake halisi.

Tuje kwenye mpangilio ulionila wikendi. Mwanzoni maktaba ilikaa mara tu baada ya unpackfs, moduli inayomimina mfumo, mahali panapoonekana pa haki: mfumo umemiminwa, ongeza vitabu. Tatizo ni pale inaposhindikana. Kazi moja ya exec ikirudisha kosa, zinazofuata hazifanyiki, isipokuwa zile zilizotiwa alama ya dharura kama umount. Yaani flashi ikilegea kwenye tundu wakati wa kunakili kamusi, GRUB haitawekwa, na kompyuta haitawaka kabisa. Mashine nzima ife kwa sababu ya kamusi! Kwa hiyo nimeihamishia chini, baada ya bootloader, moduli inayoweka GRUB, kabla tu ya umount. Huko, ikishindikana, mfumo ulio kwenye diski tayari unaweza kujitegemea.

Hata hivyo ikirudisha kosa, Calamares inafungua dirisha linalosema usakinishaji umeshindwa. Si kweli, umeshindwa kitu kimoja tu, na mwalimu atafuta kila kitu aanze upya. Na ikinyamaza, atagundua wiki ijayo mbele ya darasa kwamba vitabu nusu havipo. Nimezunguka hapo muda mrefu.

Nilichofikia ni hiki. Maktaba ikimaliza salama inaacha faili tupu iitwayo .kamili ndani ya /srv/maktaba. Ikikwama, inaandika onyo kwenye logi na kurudisha None, usakinishaji unaisha kwa amani. Kwenye mfumo wenyewe nimetia huduma ndogo ya systemd, programu inayoanzisha huduma Linux inapowaka, yenye mstari ConditionPathExists=!/srv/maktaba/.kamili. Kompyuta ikiwaka na faili hiyo haipo, huduma inaamka, inasubiri patisheni yenye lebo MAKTABA ichomekwe, inamalizia kunakili na kutoa ujumbe kwenye skrini. Faili ikiwepo, huduma haianzi kabisa. Kazi iliyokosa kukamilika upande wa kisakinishi inakamilishwa na mfumo uliosakinishwa, tena kwa msimbo ule ule wa Python bila ile njia ndefu ya mbele.

Mengine yalikuwa mepesi. Kwenye mipangilio ya welcome, ule ukurasa wa karibu, nimeondoa intaneti kwenye masharti ya lazima, nikaacha nafasi ya diski na RAM. Sharti la umeme, linaloangalia kama kompyuta mpakato imechomekwa chaja, nimelibakiza kama angalizo tu. Kwa umeme wetu wa kuja na kuondoka, mtu akiwa na betri iliyojaa mwache aendelee. Kwenye locale, ukurasa wa mahali na saa, nimezima kutafuta mahali kwa anwani ya mtandao, maana hakuna mtandao wa kuulizwa, nikaweka Africa na Dar_es_Salaam. Mfano unaokuja na Calamares una New York, na nimeshakuta maabara ya shule ambayo saa zake zote zilikuwa huko.

Kesho najaribu kuchomoa flashi katikati ya kunakili, kwanza kwenye mashine pepe ya QEMU, kisha kwenye ile kompyuta ya zamani yenyewe. Bado sijaamua kama .kamili ibebe pia orodha ya vitabu na ukubwa wake, ili huduma iweze kutambua faili iliyokatika nusu badala ya kuamini tu kwamba ipo. Naona itabidi.