Hapana, simba simfundishi kuruka moto

Kila nikija likizo Kisumu swali ni lile lile, kuanzia kwa dereva wa tuktuk pale Kondele hadi kwa shangazi zangu: "Sasa huko Uingereza unafundisha simba kuruka moto?" Nikijibu kwamba siku yangu inaanza kwa kuzoa mavi ya twiga, wengine wanacheka, wengine wananionea huruma, eti nauli yote ile kwa ajili ya wilbaro. Basi wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena nitume linki.

Mimi ni mtunzaji katika bustani ya wanyama kaskazini mwa Uingereza, upande wa wenye kwato. Asubuhi kabla sijafungua mlango wowote, natazama. Wote wapo? Wamesimama vipi? Nani hajamaliza majani yake? Mavi yenyewe, mnayoyacheka, ndiyo ripoti ya kwanza ya daktari. Yakiwa laini kuliko jana au machache, napiga simu kabla ya chai. Mnyama anayewindwa huficha ugonjwa mpaka amezidiwa, kwa hivyo anayeijua kawaida yake ndiye atakayeona mapema. Baada ya hapo ni gambuti, reki, mpira wa maji, kukata karoti na kupima lusini, yale majani makavu ya kulisha, kwenye mizani. Halafu yote hayo yanaingizwa kwenye kompyuta.

Wenzangu wa simba wana sheria zao: wanafanya kazi wawili wawili, kila kufuli linavutwa na kutajwa kwa sauti, na hakuna anayeingia simba akiwa humo. Kwa hivyo dereva wangu wa tuktuk, moto hakuna.

Kinachonimaliza ni baridi. Ardhi ikiganda twiga hawatoki, maana akiteleza miguu ikatanuka, huenda asisimame tena. Wanashinda ndani ya nyumba yenye joto, nasi tunawaninginizia matawi juu ili ulimi upate kazi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mimi mtoto wa Nyalenda hilo sijalizoea, na sidhani nitalizoea.

Sasa mafunzo, maana hapo ndipo watu hawanielewi. Twiga wetu ni wa aina ya Rothschild, sawa na wale wa Nakuru, wenye miguu myeupe chini ya magoti kama wamevaa soksi za shule. (Wale wa Nakuru walitolewa Soy, karibu na Eldoret, miaka ya 1970. Watu wa Eldoret hupenda nikiwakumbusha hilo.) Porini twiga hutembea mchana kutwa na kwato zinajisaga zenyewe. Kwetu eneo ni dogo, kwato zinarefuka, mguu unapinda na viungo vinauma. Unaweza kumchoma sindano ya usingizi umkate kwato, lakini kumlaza twiga ni kamari. Presha yake ya damu iko juu sana, chakula kinaweza kumrudia kooni kikaingia mapafuni, na kule kuanguka tu kutoka urefu ule kunaweza kumvunja shingo.

Kwa hivyo tunamwomba. Unaanza na fimbo yenye mpira kwenye ncha. Akiugusa kwa pua, unabonyeza kidude kinacholia tik, halafu anapata kipande cha mkate mkavu. Ule mlio ndio unaomwambia amelipwa kwa lipi. Ukichelewa kidogo, utakuwa umemlipa kwa kugeuza shingo. Akishaelewa mchezo, fimbo inamleta mpaka kwenye uwazi wa ukuta, kisha mguu mmoja juu ya gogo, kisha mguu utulie hapo, kisha mkono uuguse, kisha chuma kikwaruze kidogo. Ni dakika chache kwa siku, na miezi inaweza kupita kabla tupa haijafanya kazi ya maana.

Kuna jike mmoja mkubwa, mimi humwita Mama Mboga. Anakuja mwenyewe, anaweka mguu wa kulia juu ya gogo, mimi niko chini upande wa pili wa vyuma, kwa sababu teke la twiga linaweza kumuua simba. Tupa inaanza kukwaruza, unga mweupe wa ukwato unaniangukia gambuti. Wakati huo ulimi wake mweusi-zambarau umeshuka kupitia vyuma unapekua mfuko wa jaketi langu, mkate uko wapi. Mlango wa bati ukipigwa na upepo, anaondoa mguu na kwenda zake. Siku hiyo tumemaliza. Hatumfokei, na chakula chake cha kawaida anapata kama kawaida.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Ahero, ambaye fahali wake huangushwa kwa kamba na vijana wanne, alinisikiliza vizuri mpaka hapo.

"Mama, na akikataa?"

"Tunaondoka, mjomba."

"Mnaondoka? Na mshahara mnapokea?"

Tunapokea, ingawa si wa kujivunia. Lakini nilimweleza habari ya vifaru akanyamaza kidogo. Mwaka 2009 vifaru weupe wanne wa kaskazini, dume aliyeitwa Sudan akiwa mmoja wao, walitoka bustani ya Dvůr Králové huko Cheki wakaletwa hifadhi ya Ol Pejeta hapa Kenya. Mwaka 2019 vifaru weusi watano kutoka bustani za Ulaya wakapelekwa hifadhi ya Akagera, Rwanda. Kifaru haingizwi kwenye ndege kwa kusukumwa. Sanduku lake linawekwa uani mapema, anakula humo, analizoea, mlango unafungwa kidogo kidogo, hadi kusimama mle ndani kusiwe jambo la kumtisha. Huo ni ufundishaji ule ule wa fimbo na tik.

Jumapili niliwapeleka watoto wa dada yangu kwenye hifadhi ya wanyama ya Impala, pale Kisumu kando ya ziwa. Wao walimkimbilia chui, mimi nikabaki natazama kwato za nzohe, yule swala wa kinamasi, zile ndefu zinazotanuka ili asizame kinamasini. "Anti, si uangalie mnyama mzima!" Kazi imeniharibu.

Mpwa wangu mkubwa ndiye aliyeshika somo. Amepata kifuniko cha chupa ya jemu, kile kinacholia tik ukikibonyeza katikati, na mwiko uliofungwa kitambaa. Kwa punje za mahindi, mbuzi wa mjomba sasa anaufuata mwiko uwanja mzima na kupanda juu ya tofali akiambiwa. Mjomba ametazama weee, kisha akasema tusizoeane naye sana, huyo ni wa Krismasi.