Mikimbio sita
Jumatatu ya Agosti 4, 2025, saa saba mchana, tulikuwa watu watano barazani Mkunazini tumeinamia simu moja, kwani katika mechi ya kriketi Uingereza ilihitaji mikimbio (alama) 35 tu kuishinda India katika uwanja wa The Oval, London, huku ikiwa na wiketi nne mkononi, yaani India ilipaswa kuwatoa wapigaji wanne zaidi ili ishinde. Mimi, shabiki wa India, nilishakata tamaa. Mohammed Siraj, mrushaji mpira wa India, akaanza kuziangusha wiketi, na kahawa zikatupoa vikombeni. Kilichonigusa zaidi ni Chris Woakes wa Uingereza kuingia uwanjani mkono wake wa kushoto umefungwa ndani ya sweta kwa sababu ya bega lililoteguka, kila mkimbio ukimtia uchungu. Hata sisi tuliotaka ashindwe tulinyamaza kwa heshima. Siraj alipomtoa Gus Atkinson, wiketi ya mwisho ya Uingereza, India ikashinda kwa mikimbio sita, nasi tukakumbatiana.